Alama Ndani ya Kitu Kipya

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, poleni. Nilikuwa nyumbani Ainabkoi, mahali ambapo ukungu hushuka mapema na mtandao hushuka pamoja nao. Kisa ninachowaletea leo hakihusu tarakilishi, lakini kimenifundisha jambo kuhusu kazi yangu ya kuandika programu kuliko vitabu vingi nilivyosoma chuoni.

Mjomba wangu alichukua mkopo wa Sacco akanunua pawa so mpya mjini Eldoret. Huku kwetu watu wengi wana mikaratusi shambani, na mwenye pawa so hakosi kibarua cha kukata na kupasua mbao. Alipofika nyumbani hakuiwasha. Aliwahi kusikia habari za mtu aliyeuziwa mashine iliyokwisha kutumika, ikafutwa vumbi na kurudishwa kwenye katoni. Kwa hiyo alifungua silensa, akamulika tochi kwenye tundu la kutolea moshi, akaona masizi na mistari kwenye pistoni. Akaniita.

"Wewe ndiye uliyesoma mambo ya mashine," alisema. "Niambie, hii ni mpya au nimeibiwa?"

Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta. Lakini ukiwa kijijini, aliyesomea kompyuta hutengeneza redio, hurekebisha simu ya shangazi na hutoa hukumu juu ya pawa so. Nikachungulia. Masizi yapo. Mistari ipo. Nikafungua tenki, nikanusa: petroli. Nikajiona mpelelezi.

"Mjomba, hii imetumika."

Kesho yake asubuhi tulikuwa dukani. Mjomba alipaza sauti, wateja wakageuka. Mwenye duka hakubishana. Alitoa katoni mbili ambazo hazijafunguliwa, akakata utepe mbele yetu, akafungua silensa ya kila mashine na kumpa mjomba tochi. Masizi yaleyale, mistari ileile, na matenki yananuka petroli vilevile. Mjomba aliinamisha kichwa akaomba radhi. Mimi nikatoa simu mfukoni kana kwamba kuna mtu amenipigia.

Jioni hiyo tulipitia kwa jirani yetu, mzee aliyestaafu jeshini. Mjomba alimsimulia, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Akatuambia kwamba hata bunduki mpya si safi ndani. Kabla haijatoka kiwandani hufyatuliwa kwa majaribio, kwa hiyo kuona masizi kidogo kwenye mtutu, au rangi ya shaba pale ganda la risasi linapogusa chuma, si ajabu.

Kisha akatupa mfano wa G3, bunduki ambayo jeshi la Kenya lilitumia kwa miaka mingi. Ndani ya chumba chake cha risasi kuna mifereji myembamba iliyochongwa kwa makusudi. Gesi hupita humo na kulizuia ganda lisinate, kwa sababu bunduki hiyo huanza kufunguka wakati shinikizo bado lipo ndani. Matokeo yake ni kwamba kila ganda hutoka na mistari myeusi ubavuni. "Kuruta akiiona mara ya kwanza," alisema mzee, "hukimbia kumwambia sajini kwamba bunduki yake imeharibika."

Mkoa wetu unajua habari za silaha kidogo. Eldoret kuna kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation kinachotengeneza risasi, na mwaka 2021 serikali ilifungua kiwanda cha bunduki kule Ruiru. Lakini maneno ya mzee hayakuwa ya bunduki tu. Alinitazama akasema: "Kijana wangu, huwezi kuijua alama mbaya kama hujawahi kuiona nzuri."

Usiku ule nilisoma mpaka betri ikaisha. Nilichojifunza ni hiki, na kitakusaidia siku ukinunua pawa so.

Kwanza, viwanda vingi huwasha kila injini kabla ya kuifunga kwenye katoni. Masizi mepesi na harufu ya petroli ni mabaki ya jaribio hilo.

Pili, mistari myembamba inayozunguka pistoni, yaani iliyolala, ni alama ya mashine iliyoichonga. Hata ukuta wa silinda huwa na mikwaruzo midogo inayokatana kama wavu. Hiyo hutiwa kwa makusudi ili ishike oili.

Tatu, ya kuogopa ni mistari iliyosimama, inayofuata njia ya pistoni kupanda na kushuka, hasa upande wa tundu la moshi ambako joto ni kali zaidi. Hapo chuma kimesuguana na chuma bila oili ya kutosha.

Nne, mtu anayeficha mashine iliyotumika anaweza kubadilisha cheni na upau wake, lakini mara nyingi husahau gia ndogo inayozungusha cheni. Kama gia hiyo ina mabonde yaliyochimbwa na cheni, mashine hiyo imekata miti.

Niliichunguza gia ya mjomba. Haikuwa na hata kovu.

Nilikumbuka kazi yangu ya kwanza. Nilikabidhiwa mfumo mpya, nikafungua faili la kumbukumbu nikakuta maonyo mengi. Siku mbili nilisaka mdudu, mpaka mwenzangu akaniambia kwamba maonyo hayo hutokea kila mfumo unapowashwa, tangu siku ya kwanza. Sikuuliza mfumo mzima unafananaje, nikakimbilia kutoa hukumu. Dukani nililirudia kosa lilelile, ila safari hii mjomba ndiye aliyelilipia, mbele ya watu.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Kabla pawa so haijakata hata kijiti, nilipiga picha za pistoni, ukuta wa silinda na gia, nikaziandika tarehe na kuzihifadhi.

Baada ya miezi miwili mjomba alipiga simu. Mashine haina nguvu. Alikuwa na hasira, na safari hii alisema wazi: duka lile lilimdanganya, na masizi yale tulipuuza bure. Nikamwomba afungue silensa anitumie picha. Nikaziweka mbili kando kwa kando. Upande wa tundu la moshi palikuwa na mistari iliyosimama, michache lakini mirefu. Kwenye picha ya siku ya kwanza haikuwepo.

Nikamwuliza nani huchanganya mafuta. Kimya. Kisha akasema, "Kijana wangu." Binamu yangu alikuwa akimimina oili kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa jerikeni la lita tano. Kitabu cha mashine kinataka sehemu moja ya oili kwa hamsini za petroli, yaani mililita 100 kwa lita tano. Kifuniko kile hakifiki hata nusu.

Nilikuwa na picha zinazowatetea watu wa duka na kumshtaki binamu yangu. Ningeweza kunyamaza. Lakini mjomba angerudi dukani kugombana mara ya pili, na mashine ingekufa kwa kiu hiyohiyo. Nikamtumia zote mbili. Hakujibu siku mbili.

Siku ya tatu alikwenda dukani mwenyewe akanunua pistoni mpya na ringi zake. Fundi aliikagua silinda akasema imepona, kwa sababu tuliwahi. Mjomba alinunua pia kikombe cha plastiki chenye alama za mililita, akakifunga kwa kamba kwenye jerikeni. Binamu yangu bado ndiye anayechanganya, mjomba hakumnyang'anya kazi.

Mkopo wa Sacco bado unalipwa, na pawa so inalia kila asubuhi. Nami nikikabidhiwa mfumo mpya siku hizi, jambo la kwanza ni kuhifadhi picha yake ukiwa mzima. Haya, mpaka wakati mwingine.