Ua Wangu Ulimficha Mkora

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi yamenifika, na walionifumbua macho ni wanafunzi wangu.

Nafundisha uchoraji wa majengo katika chuo kimoja cha ufundi. Kwa miaka mingi, kila niliposikia habari za wizi mtaani, jibu langu lilikuwa moja: inua ukuta, tia vigae vya chupa, panda michongoma. Michongoma yangu mwenyewe, kando ya kijia kiendacho kituo cha matatu, ilikuwa imepita kimo cha mtu mzima.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi kazi: watafute namna ya kukifanya kijia hicho kiwe salama. Niliwakataza kuchora lolote kwa siku tatu. Niliwaeleza habari za chuo cha Central Saint Martins, London, ambako wasanifu walichunguza kwanza jinsi mikoba inavyoibwa mikahawani, ndipo wakabuni kiti chenye mapengo mbele ya kikalio. Mteja huutundika mkoba wake hapo, ukawa nyuma ya miguu yake. Hakuna askari, hakuna kufuli.

Basi wakaenda. Wakahesabu wapita njia asubuhi, mchana na magharibi. Wakawauliza akina mama wauza mboga, watoto wa shule na makanga: mnaogopa wapi, saa ngapi, kwa nini? Kila jibu likatiwa alama kwenye ramani.

Siku ya nne msichana mmoja mpole alisimama darasani, macho chini. "Kunradhi, mwalimu. Alama nyingi ziko penye ua mmoja. Ni wako."

Msomaji, nilitamani ardhi inimeze. Mama anayetuuzia maziwa alikuwa amepigwa ngeta papo hapo. Nilimpelekea pole na kilo mbili za sukari, nikawalaumu polisi, kumbe mkora alijibanza kwenye miti niliyoipanda kwa mikono yangu!

Wanafunzi hawakuniambia niung'oe. Walisema tujaribu kwanza: tuupunguze hadi kifuani kwa hatua ishirini, kisha warudi kuuliza. Mke wangu alihamaki. "Sasa wezi si watatuona humu ndani?" Nikamjibu, "Nasi tutawaona."

Baada ya majuma mawili, mama mmoja alihamishia meza yake ya mboga mkabala na lango letu. Alisema sasa panapendeza, watu wanapita. Mnamo 1961, Jane Jacobs wa Marekani aliandika kwamba usalama wa mtaa hutunzwa hasa na macho ya wakazi wenyewe na wenye maduka. Nilikuwa nikilisomesha jambo hilo kila mwaka huku nikiishi nyuma ya miiba.

Sikudanganyi kwamba uhalifu umekwisha. Ng'ambo ya daraja bado ni giza, na wanafunzi wa mwaka huu wanapashughulikia. Lakini mama wa maziwa sasa hupita kwetu bila kusindikizwa.

Nawe jioni ya leo, toka nje ya lango lako. Simama pale asimamapo mpita njia aliye peke yake, utazame kwako. Kisha muulize mwanao anaogopa kupita wapi. Usimkatize akijibu, hata kama atakutaja wewe.