Munyama wa Budongo

Katwe, 4 Februari

Nimeletewa mlango wa zamani kutoka nyumba inayobomolewa Mengo. Mteja anataka meza. Rangi ya kijani iliyokauka kama maganda ilipotoka kwa randa, chini yake pakaonekana wekundu wa munyama, mahogani yetu. Nyuzi zake zimepishana: ukiranda huku inateleza, ukigeuka inang'oa vijipande. Ubao mmoja mpana, haujaungwa popote. Kwenye soko la mbao la Ndeeba siku hizi wanatuuzia paini na mkaratusi, na munyama mwingi unaopita pale unatoka Kongo kwa bei ya kukunja uso. Msumari uliojificha kwenye bawaba umekula meno ya msumeno wangu.

6 Februari

Jirani mchomeleaji amenitengenezea msumeno. Mzee Mualur anayekuja kunywa chai kwetu ameupapasa ubao na kusema, "Huu ni wa kwetu Sonso." Baba yake alisukuma magogo kwenye kiwanda cha Budongo Sawmills huko Sonso, wilaya ya Masindi. Hana ushahidi, ila simbishii. Kuanzia miaka ya 1920 msitu wa Budongo ulikuwa maarufu kwa munyama na muyovu, mahogani nyingine, na mbao zake zilijenga mengi humu Kampala.

Nimemuuliza kuhusu muhimbi, mti mwingine wa msitu huo. Amecheka. Muhimbi ni mgumu mno kwa msumeno, na Idara ya Misitu ya wakoloni iliuona adui, kwa kuwa unatawala msitu uliokomaa na kuinyima miche ya munyama nafasi. Basi miaka ya 1950 na 1960 waliipaka miti "isiyo na faida" sumu iliyochanganywa na dizeli, ife imesimama. Mti uliokosa bei uliuawa bure! Kwangu mimi hiyo ndiyo aibu ya enzi ile, si magogo yaliyouzwa.

15 Februari, Nyabyeya

Zaidi ya kilomita 200 toka Kampala, na vumbi la mwisho wa safari limeingia hadi kwenye soksi. Mpwa wangu anasoma hapa chuo cha misitu. Amenipeleka Sonso. Nilitarajia magofu. Nimekuta nyumba za kiwanda zina watu, nguo zimeanikwa. Ni kituo cha utafiti wa sokwe. Vernon Reynolds, Mwingereza aliyewachunguza sokwe wa Budongo mara ya kwanza mwaka 1962, alirudi 1990 na kukianzisha katika majengo haya.

Msitu uliokatwa haukufa. Kulipoingia jua, miti mingine ya matunda iliota. Utafiti wa Reynolds na Andrew Plumptre, uliochapishwa 1994, uliona mbega na kima ni wengi zaidi katika sehemu zilizokatwa kuliko katika sehemu iliyoachwa bila kuguswa. Kwa sokwe tofauti haikuonekana. Wavuna mbao wasije wakaushika utafiti huo kama cheti! Wale wa kiwanda walikata kwa mpango, miti iliyochaguliwa, kisha wakaondoka miaka mingi. Anayeingia usiku na msumeno wa injini hana mpango wala hangoji miaka.

Mpwa alinionyesha munyama uliosalimika. Shina lake limenyooka hadi juu ya paa la msitu, gome la kijivu linabanduka vipande vya mviringo kama sahani. Nilijikuta nauhesabia mbao. Ufundi ni ugonjwa.

19 Februari, Katwe

Mzee amekuja asubuhi kuuliza habari za Sonso. Nimemwambia nyumba zipo, wanalala watafiti na wanafunzi, wengine wametoka Ulaya. Akataka kujua kama mabati yangali yale ya zamani. Sikuangalia juu. Kisha akauliza kodi wanamlipa nani. Nimesema sijui. Akanywa chai yake, akasema baba yake alilala humo bure, ila alikuwa akiamka saa kumi na moja.