Kombe Mezani: Adabu ya Kuokota

Lugha ya Kiswahili ina siri ndogo ambayo mwanafunzi wa semantiki aweza kuipita mara mia bila kuitambua. Kombe ni gamba la chaza au la konokono wa baharini linaloachwa ufuoni maji yanapokupwa. Kombe, vilevile, ni sahani kubwa ya kupakulia chakula. Kikombe tunywacho chai si kingine ila kombe dogo. Kauri nayo ni kijigamba king'aacho kilichowahi kutumiwa kama fedha katika pande nyingi za dunia. Kauri, vilevile, ni udongo mweupe uliochomwa ukatoa mabakuli ya thamani. Waitaliano, bila ya kushauriana nasi, waliyaita mabakuli hayo kwa jina walilokwisha kukipa kijigamba, na Waingereza wakalirithi kwao. Kwa hivyo, kabla hatujajadili iwapo inafaa kupamba meza kwa vitu vya kuokota pwani, lugha imekwisha kutujibu kwamba vyombo vyetu vilianzia ufuoni. Swali linalosalia ni la adabu: huokotwaje?

Swali hili silitoi hewani. Nyumbani kwetu huzuka kila Desemba, kaskazi inapovuma, jua likawa kali na ndugu wa bara wakateremka kututembelea. Sebule haitutoshi, nasi huandaa meza ndefu uani chini ya mwembe. Mwaka mmoja, fedha zikiwa haba kama kawaida ya nyumba yenye mwanafunzi wa chuo kikuu, nilipendekeza tuiandae kwa vyombo kuukuu na kwa vile tutakavyookota ufuoni. Mama alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mgeni hapewi makombo. Hata yakiwa makombo ya bahari."

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na ningeweza kuichukulia kauli ya mama kuwa ushahidi wa methali hiyo, nikaishia hapo. Lakini hofu yake ilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Tajiri akitandika shuka kuukuu na kupanga sahani zisizolingana, husifiwa kwa ujuzi wa mapambo. Maskini akifanya lilo hilo, husemwa kwamba hana. Mama alikuwa ameishi miaka mingi akiazima sahani kwa majirani kila alipopata wageni, na kwake yeye sahani mpya zinazofanana zilikuwa ngao. Mwenye kutaka kumvua mtu ngao yake sharti amwonyeshe kwamba mshale haupo.

Nilijaribu kumwonyesha kwa mifano ya kwetu. Katika nyumba za mawe za mji wa Lamu, ukuta wa ndani ulitobolewa zidaka, safu juu ya safu, ili vyombo vya kauri vilivyovuka bahari viwekwe vionekane. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika mnara wa kaburi, na waliofanya hivyo hawakuwa wakimpa maiti wao makombo. Gede nayo ina funzo la ajabu zaidi. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka wa 1948, nyumba hazikuwa na majina ya wenyewe yaliyojulikana. Zikaitwa kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko Nyumba ya Kauri, iko Nyumba ya Bakuli la Kauri, na iko Nyumba ya Mkasi. Waliokuwa na fahari ya nasaba wamesahaulika, ilhali mkasi umebaki kuwa jina la nyumba. Nathubutu kusema kwamba kitu kidogo kilichoachwa hubeba habari ya mtu kuliko hazina aliyojivunia.

Mama alikubali kwa sharti moja: kila kitu kiwe safi na kiwe na sababu. Kutoka Kongowea tulileta leso mbili za mitumba zilizofifia rangi, ambazo zilipofuliwa na kupigwa pasi zilitandikwa kwa urefu. Sahani tulizipata kwa wachuuzi wa vyombo kuukuu, hakuna mbili zilizofanana. Zile za zamani zenye nakshi zilizobanduka hatukuzipakulia chakula, kwa kuwa rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi, tuliziwekea asumini. Vifuu vya nazi vilisuguliwa kwa mchanga vikatiwa chumvi na pilipili. Ubao wa mashua uliotemwa na maji, wenye matundu ya misumari bado, ulikaa katikati na kubeba taa. Makombe yalilowekwa katika maji baridi siku mbili ili kutoa chumvi na harufu, yakaanikwa, kisha yakashika vipande vya ndimu. Juu ya wali tulifunika kawa.

Hata hivyo, kazi kubwa haikuwa ya kupanga bali ya kuacha. Tulipotembea ufuoni, tuliwekeana miiko. Mwiko wa kwanza: kisichoachwa na mwenyewe hakiokotwi. Makombe yanayometameta kama yaliyopakwa mafuta, yauzwayo kwa watalii, aghalabu hayakuokotwa. Yalichukuliwa yakiwa na uhai. Kauri hung'aa kwa sababu mnyama aliyemo huifunika kwa nyama yake laini, na akifa, jua na mchanga huipausha. Weupe ule uliochujuka, ambao mnunuzi huudharau, ndio cheti cha kwamba hatukumfukuza mtu nyumbani mwake. Na hata kombe tupu laweza kuwa na mpangaji, kwani yuko kaa mdogo asiye na gamba la kutosha mwilini, ambaye hukaa katika magamba yaliyoachwa na wengine. Yuko pia konokono mkubwa ambaye gamba lake hutobolewa na kupulizwa kama baragumu. Huyu humla kiti cha pweza mwenye miiba, naye kiti cha pweza huyo hula matumbawe. Anayemweka konokono yule mezani kama pambo amewanyang'anya samaki mlinzi wa makao yao. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, hata kombe tupu halichukuliwi.

Mwiko wa pili unahusu zana za watu. Nimewahi kuona katika mkahawa mmoja dema zima limening'inizwa darini likawa kivuli cha taa. Lilipendeza, sikatai. Lakini dema ni mtego wa samaki, na palipo na wavuvi wanaolihitaji, kulinunua ili litundikwe ni kuifanya riziki ya mtu kuwa urembo. Lililochakaa, ambalo mvuvi mwenyewe amelitupa, hilo ni jambo jingine.

Msomaji asidhani kwamba bahari hutema vito tu. Kapu letu lilijaa zaidi vizibo vya chupa na kandambili zilizokatika. Hizo hazikufika mezani. Lakini mafundi wa Lamu wametuonyesha kwamba nazo zina njia: jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kuvikwa kandambili za rangi rangi, lilishushwa majini mwaka wa 2018, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar.

Siku ya wageni ilipofika, hakuna aliyeuliza bei ya chochote. Waliuliza majina. Wifi yangu, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya bara, alilifunua kawa na kuuliza linaitwaje. Alipojibiwa, alicheka: kwake yeye kukawa kulikuwa kuchelewa tu, na hakuwahi kuushika ukili wa neno hilo kwa mkono. "Basi ndiyo maana chakula kimekawa!" akasema, na meza nzima ikaangua kicheko. Mama naye aliinuka kimya, akaingia chumbani, akarudi na upawa wa kifuu ulioachwa na bibi, wenye mpini uliofungwa kamba. Akaupangusa kwa upindo wa leso, akaanza kupakua mchuzi.

Sisi tusomao Kiswahili tuna mazoea ya kuyahifadhi maneno kamusini, tukadhani tumeyaokoa. Kidaka, chano, kawa, upawa na dema hujibiwa vizuri katika mtihani na watu ambao hawajapata kuviona. Likizo ijayo, mwenzangu, utakapoandaa mezani au mkekani, weka chombo kimoja kuukuu cha kwenu, kiwe cha pwani, cha ziwani au cha mlimani, mradi kimeachwa kwa haki. Mgeni akikiuliza, mtajie jina lake, naye umwachie akishike.