Kasa wa Ushongo hawataki flashi

Binti wa darasa la tano alifika Ushongo na ahadi moja: kumpelekea bibi yake picha ya kasa. Baba alimwazima simu, baada ya kufuta video za harusi ili nafasi ipatikane. Wazazi wenye simu zilizojaa watamwelewa.

Walikuwa wametokea Amani, msitu wa mvua wa Usambara Mashariki, ambako chini ya miti mirefu mwanga ni haba na unyevu huitia lenzi ukungu. Kinyonga aliyetulia tawini alitoka vizuri. Mbega waliorukaruka walitoka kama moshi.

Ushongo, kusini ya Mto Pangani, mwanga si haba. Ufukwe unatazama mashariki, kwa hiyo picha za ngalawa nyeusi juu ya maji ya dhahabu hupatikana alfajiri, jua linapotoka baharini. Jioni jua huwa nyuma ya minazi, na mtoto akiipa bahari mgongo uso wake hupata mwanga laini. Saa sita mchana ni afadhali kuogelea.

Walivuka kwa mashua hadi Maziwe. Huko mwenye ratiba ni maji: yakipwa kisiwa kinaonekana, yakijaa kinafunikwa. Zamani haikuwa hivyo. Maziwe ilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga mchangani pale. Kisiwa kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Baadaye miti ikaisha, mawimbi yakala nchi, likabaki fungu la mchanga. Bibi, aliyekulia Pangani, anaikumbuka mivinje hiyo, lakini ukoo mzima hauna picha yake hata moja. Binti alipiga picha thelathini za mchanga mtupu.

Kasa hawajaacha kutaga Maziwe, ila maji yakijaa mayai huharibika. Ndiyo maana wahifadhi wa jamii wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense huyachimbua na kuyafukia upya katika ufukwe wa Ushongo. Kiota kimoja chaweza kuwa na mayai zaidi ya mia, na huanguliwa baada ya miezi miwili hivi.

Kiota walichokingoja kilifunguka giza likianza kuingia. Mchanga ulitikisika, kikatoka kichwa, kisha vingine vingi kwa pamoja. Binti akainua simu.

"Kaka, hiyo simu," mhifadhi alimwambia baba kwa upole.

Mtoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga zaidi, na usiku upande huo kwa kawaida ni bahari. Flashi au tochi humpoteza, akageukia nchi kavu ambako kaa wanamsubiri. Watu husimama nyuma ya kiota, hawakanyagi njia, wala hawambebi hata akionekana kuchoka. Simu nyingi huwasha flashi zenyewe gizani, kwa hiyo ni vyema kuizima mapema, kabla ya kutoka chumbani. Baba alihangaika na mipangilio huku kasa wakipita.

"Baba, wanaisha!"

"Subiri, mwanangu."

Flashi ilipozimwa walikuwa wamebaki watatu. Binti alichuchumaa, akakaza viwiko magotini, akapiga mara moja. Wa mwisho alipochukuliwa na wimbi, simu ilikuwa imeshushwa zamani.

Alfajiri walirudi kupiga picha ya nyayo zile, mistari myembamba iliyoteremka baharini. Nusu yake ilikwisha kufutwa na maji.

Bibi aliikaza macho picha ya kasa. "Hizi ni kunde?"

"Ni kasa, bibi. Hatukuwasha flashi."

Bibi akacheka, akaomba aone Maziwe. Aliutazama mchanga ule mweupe kwa muda mrefu. "Mivinje ilikuwa hapa," akasema, akaweka kidole juu ya kioo, na simu ikarukia picha nyingine.