Stelingi Hafi, Sawa, Ila kwa Sharti Gani?

Pale Maili Moja, Kibaha, kuna kijana anauza muvi. Kibanda chake kina kompyuta moja, feni moja na mabango yaliyopauka kwa jua la Barabara ya Morogoro. Unampa flashi yako, unamwambia unataka nini, anakujazia. Muvi mia tano, sizoni nzima buku mbili, ushauri bure. Shida ni huo ushauri.

Mtu akiomba The Flash anaulizwa kwanza ni sizoni ya ngapi. Akisema ya sita, jamaa anaguna kama daktari aliyeona majibu mabaya. "Nakuwekea, lakini ukiona mtu anakimbia kuliko sauti halafu anapigwa ngumi na adui aliyesimama tu, usije kunilaumu." Wengine wanacheka. Wengine wanachukua flashi yao wanaenda kibanda cha jirani, ambako muuzaji hana maneno. (Na tuseme ukweli, anawakosoa waandishi ambao hajawahi kuwalipa hata shilingi. Ukimwambia hivyo ghafla anakuwa bize na kompyuta.)

Haya mambo yalianzia Kisarawe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, akaenda kukaa kwa bibi yake, upande wa Maneromango. Umeme kwa bibi ulikuwa bado. Usiku wanapukuchua mahindi, na yeye akawa anamsimulia Supernatural. Ndugu wawili, gari jeusi, wanazunguka Marekani kuwinda mashetani. Mdogo mtu anachomwa kisu mgongoni, anakufa. Kaka mtu anakwenda njia panda, anafukia kisanduku, shetani anamtokea. Wanakubaliana: mdogo atafufuka, ila kaka atabakiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi.

Bibi akaweka bunzi chini. Habari za kufukia vitu njia panda hazikuhitaji mtafsiri.

"Mwaka ukaisha?"

"Ukaisha, bibi."

"Wakamchukua?"

"Mbwa wa kuzimu walimrarua."

"Haya. Hiyo hadithi."

Usiku wa pili akamsimulia kwamba jamaa amerudi, malaika kamtoa kuzimu. Bibi akauliza ametoa nini ili arudi. Hakutoa kitu, malaika walikuwa na kazi naye. Bibi akanyamaza. Usiku wa tatu ikawa zamu ya mdogo mtu kutumbukia shimoni pamoja na Ibilisi mwenyewe, naye akarudi. Bibi akakung'uta kanga yake, akasimama.

"Mjukuu wangu, hawa watu wakifa huwa wanakwenda sokoni?"

Akaenda kulala.

Jamaa hakulala. Tangu siku hiyo kila sizoni anaipima kwa swali la bibi: sharti lake nini? Maana kwenye hadithi alizokulia hakuna nguvu inayokuja bure. Usigeuke nyuma. Usile bamia. Ukiitwa usiku usiitike. Msikilizaji akishaambiwa sharti, kazi yake ni kuogopa siku litakapovunjwa. Ukilivunja halafu kusitokee kitu, umemuonea msikilizaji.

Na hasemi kwamba Wazungu hawajui. Ile ya njia panda kwake ni hadithi safi kabisa. Eric Kripke, aliyeianzisha Supernatural mwaka 2005, alikuwa na hadithi ya sizoni tano kichwani. Ya tano ilipoisha akaachia usukani, ila biashara ilikuwa bado inalipa, kwa hiyo ikasukumwa hadi 2020, sizoni 15, epsodi 327. Sizoni moja kwenye zile televisheni zao ilikuwa na epsodi 22 au 23, na lazima zijae. Ukishamuua kila mtu mara mbili unabaki na nini? Unafufua. Hata The Flash ilikuwa na siku zake nzuri. Yule mkimbiaji alirudi nyuma kwenye muda kumwokoa mama yake, dunia ikavurugika, na alipojaribu kurekebisha akakuta ndugu wa rafiki yake ameshakufa. Rafiki anamwomba arudi tena, anakataa. Hapo jamaa wa Kibaha anakusimamishia kompyuta uangalie sura zao. Halafu ikaendelea mpaka sizoni tisa.

Mfano wake mwingine ni The Boys, ya huyohuyo Kripke. Epsodi nane tu kwa sizoni, na zile nguvu zina asili: kampuni iliwadunga watoto dawa wangali wachanga, ikawadanganya watu kwamba ni zawadi ya Mungu. Deni lipo tangu mwanzo.

Huku kwetu pia anatusema. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, miaka ya 2000, ukizitazama leo utacheka vile vitu vya kompyuta. Lakini watu waliogopa kwelikweli, kwa sababu jini wa kwetu kila mtu anamjua tabia. Kilichotuharibia, kwa maoni yake, ni Part 1 na Part 2. Hadithi ya saa moja na nusu inavutwa iuzwe mara mbili.

Sasa yamemkuta mwenyewe. Kuna vijana wanarekodi muvi fupi za mtandaoni, walikuja kujaza flashi wakamsikia akiongea, wakamwambia kama unajua sana, andika. Akaandika. Binti anaishi pembeni ya msitu wa Kazimzumbwi, akimshika mtoto mgonjwa homa inashuka. Sharti lake asipokee chochote, hata kibaba cha unga. Mama yake ana mikopo ya kausha damu. Tajiri anakuja na mwanawe kutoka mjini, mama anapokea hela kwa siri. Binti anamshika mtoto. Hakuna kitu. Mtoto anafia mkononi mwake, na yeye anaanguka palepale. Mwisho.

Vijana waliipenda. Wanatoa laki mbili. Ila binti aamke, kanga yake iwake kama mabawa, radi ipige, iandikwe "Itaendelea". Kiongozi wao hakuwa na ubishi, alikuwa anaeleza tu: kamera ni ya kukodi, watazamaji wanataka kuona nguvu, binti akifa wiki ijayo wanapakia nini? "Stelingi hafi, kaka. Wewe unauza muvi, unajua."

Anajua. Na kodi ya kibanda ilikuwa imelala miezi miwili.

Jumapili akabadilisha daladala mpaka Kisarawe, akamsimulia bibi hadithi yote. Siku hizi umeme umefika, lakini bibi alizima redio asikilize. Ilipofika pale binti anapoanguka, bibi alishika shavu, akakaa kimya muda mrefu. Hakuuliza sharti. Lilikuwa wazi.

Halafu akamsimulia na ile ya mabawa.

"Na wanakupa ngapi?"

"Laki mbili, bibi."

"Umeshapokea?"

Jamaa akatazama simu yake. Elfu hamsini ya kutangulizia iliingia tangu Alhamisi, na Ijumaa asubuhi mwenye kibanda alikuwa ameshaichukua.