Gololi, magugu maji na kelele ndogo

Kimya kingi, najua. Nilikuwa likizo nyumbani Buhare, na kule ukisema unasoma fizikia unapewa maswali. Baba mdogo ni mvuvi. Akaniuliza, magugu maji yakiingia nyuma ya kisiwa yakaanza kuzunguka, yatatoka lini? Maana yakiziba mwalo mtumbwi hautoki, na siku hiyo hakuna pesa.

Swali la haki. Nikapanga chupa tatu za soda uani, mdogo wangu akarusha gololi katikati. Inagonga hii, inagonga ile, inatoka. Sogeza mkono unywele mmoja tu, inatokea upande mwingine kabisa! Chupa ni mviringo, kwa hiyo kila mgongo unakuza tofauti ya mwanzo. Huo ndio mtawanyiko wa kivurugu.

Kwa chupa tatu gololi hazikai. Tuseme zinapungua nusu kila sekunde: kati ya 1,000, baada ya sekunde 10 inabaki kama moja. Lakini kuna mifumo yenye vijisehemu tulivu ndani ya vurugu, mfano ule wa Hénon na Heiles wa 1964 kuhusu mwendo wa nyota. Chembe ikipita jirani na utulivu, inanata. Hapo, mathalani, zikiwa 1,000 sekunde ya kwanza, ya kumi bado una 100, ya mia bado una 10. Mkia hauishi.

Sasa weka kelele. Sio ya baa jamani, ni visukumo vidogo visivyo na mpangilio. Mimi ningedhani vitazidisha mkanganyiko tu. Kumbe Seoane na Sanjuán walipiga hesabu hiyo, ikachapishwa 2008: kelele hata ikiwa hafifu, zilizonata zinasukumwa nje, mkia unakatika, tunarudi kwenye kupungua kwa haraka kama kwa chupa. Chembe moja moja huwezi kuitabiri, ila kundi zima sasa linahesabika vizuri zaidi.

Nikamwambia baba mdogo: fungu lipi litatoka lini, sijui na hakuna atakayejua, yamebaki kiasi gani, hilo linakadirika. Tena nikamtahadharisha kwamba upepo wa ziwa letu sio kelele hafifu hata kidogo, na magugu yanazaana, gololi hazizaani.

Akawaza. "Kwa hiyo tukipitapita na makasia humo, si ndio kelele yenyewe?"

Nimebeba hilo swali hadi chuo, nampelekea lekchara Jumatatu. Ngoja nikawahi foleni ya msosi.