Grace Ogot: Binti wa Mwalimu, Mjukuu wa Msimulizi

Sisi tunaofanya kazi wodini hupenda kuwataja wenzetu waliofika mbali. Mmoja wao amesomwa na wengi ambao hawajui kwamba alikuwa muuguzi na mkunga kama sisi. Huyo ni marehemu Grace Ogot wa Kenya, mwandishi wa riwaya, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 84.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, Nyanza, katika familia ya Kikristo ya Wajaluo. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya shule, naye akawa mwalimu katika shule ya wasichana ya Ng'iya, shule ya wamisionari wa Kianglikana. Mama yake, Rahel Ogori, naye alikuwa Mkristo. Baba aliwasomea watoto visa vya Agano la Kale. Bibi alimsimulia mjukuu wake ngano za Kijaluo. Hivyo mtoto huyu alilelewa na Kitabu na pia na masimulizi ya wazee.

Akina mama wenzetu, hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Ziko nyumba za waumini ambamo bibi akianza kusimulia, watoto huitwa wakalale, kwa hofu kwamba ngano zitaharibu imani yao. Tutazame basi nini kilimtokea Grace. Moja ya hadithi zake zinazojulikana sana, The Rain Came, aliisikia kwa bibi yake. Ukame umeikamata nchi, na chifu anaambiwa amtoe binti yake Oganda kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Anayekijua kisa cha Yeftha katika kitabu cha Waamuzi hawezi kusoma hadithi hiyo bila kumkumbuka yule binti aliyetoka kumlaki baba yake kwa matari. Uchungu wa baba ni uleule, na swali ni lilelile: je, uhai wa binti ni mali ya kulipia haja za wakubwa? Ngano ya bibi haikumfukuza mtoto katika Biblia. Ilimfundisha kusikia kilio cha binti.

Baada ya Ng'iya alisoma Butere, kisha akajifunza uuguzi Uganda na Uingereza. Huko London alifanya pia kazi ya utangazaji na uandishi katika BBC. Aliporudi nyumbani alikuwa mkunga katika hospitali ya Maseno. Mwaka 1959 aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot, wakajaliwa watoto wanne. Riwaya yake ya kwanza, The Promised Land, ilitoka mwaka 1966. Baadaye aliandika pia kwa Kijaluo, na mwaka 1985 alichaguliwa kuwa mbunge wa Gem.

Wodi haikumtoka moyoni. Iko hadithi yake ambamo wauguzi wa Kiafrika katika hospitali ya misheni wanagoma kwa sababu ya kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, kazi ambayo mila zao zinaikataa. Wauguzi wanajua kwamba jambo hilo si dogo. Na katika The Promised Land, Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Huko Ochola anashikwa na ugonjwa wa ngozi wa kutisha unaotokana na husuda ya jirani. Hospitali inashindwa, na anayemponya ni mganga.

Mwisho huo hatukubaliani nao, kwa taaluma wala kwa imani. Hata hivyo tunaona una faida. Mgonjwa anapofika kwetu anakuja na maelezo yake mwenyewe ya ugonjwa: jirani, wivu, kiapo kilichovunjwa. Muuguzi akimcheka, mgonjwa atanyamaza, na safari ijayo atachelewa kuja, au hatakuja kabisa. Akisikilizwa kwanza, huwa mwepesi kusikiliza naye, na dawa atameza. Mwandishi huyu alijua kusikiliza, na tunaamini somo hilo alilianza magotini pa bibi yake kabla ya kuvaa sare.

Mtume Paulo anapoitaja imani ya Timotheo, hamtaji mama yake Eunike peke yake. Anamtaja pia bibi yake Loisi. Basi, mama mpendwa, likizo ijayo watoto wakienda kwa bibi, usiwakataze kuketi naye usiku. Wakirudi, waulize wamesikia nini, kisha mfungue nao Biblia mzungumze juu yake. Na ikiwa binti yako anaandika andika kwenye daftari la shule, nunua lingine. Joseph Nyanduga na Rahel Ogori hawakujua kwamba wanamlea mwandishi. Walimpeleka shule, na bibi akamsimulia hadithi.